Ukigongwa, Kesi Imeshaanza

Pita Thika Road saa za jioni, hutakosa kuona magari mawili yamegongana na kusimama katikati ya njia, madereva wakirushiana lawama. Hatimaye mmoja anatoa namba ya simu, anaahidi kugharamia matengenezo, wanaagana. Wiki mbili baadaye, simu haishikwi.

Wengi huishia hapo. Husema mahakama ni ya wenye pesa, na wakili atakula zaidi ya bei ya bampa. Kwa hapa Kenya, sababu hiyo sasa haina uzito. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021, husikiliza madai ya mali iliyoharibiwa, mradi yasizidi shilingi milioni 1. Sheria yake ya 2016 inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kuwasilishwa. Si lazima uwe na wakili, na unaweza kujieleza kwa Kiswahili.

Utauliza, bima je? Sheria ya bima ya lazima, Sura ya 405, inahusu kifo na majeraha ya mwili. Taa iliyovunjika na mlango uliobonyea havimo katika lazima hiyo. Zipo bima zinazolipa hasara ya mali, lakini hulipa kwa masharti ya mkataba. Kwa hiyo usiitazame stika kwenye kioo cha aliyekugonga ukadhani umeshalipwa.

Mlango wa mahakama basi uko wazi. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunafika pale mikono mitupu. Mwamuzi hakuwepo barabarani. Ataamua kwa unachomwonyesha. Piga picha kabla magari hayajasogezwa: namba zote mbili, alama za breki, mahali kila gari lilipo. Chukua namba ya shahidi, hata kama ni mwendesha bodaboda aliyekuwa anasubiri abiria. Ripoti polisi, kisha ufuatilie abstrakti, yaani hati ya polisi kuhusu ajali. Na kabla fundi hajagusa gari, mtathmini alikague na kuandika ripoti.

Halafu kuna risiti. Mahakama zetu zimeshikilia kwa miaka mingi kwamba gharama uliyoingia lazima itajwe waziwazi katika madai na kuthibitishwa. Nasi gari tunalipeleka kwa fundi wa jua kali, tunalipa taslimu, tunaondoka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwombe fundi akuandikie, umlipe kwa M-Pesa ili malipo yabaki na rekodi. Na wewe mwenye teksi unayedai mapato ya siku ambazo gari lilikaa gereji, onyesha ulikuwa ukiingiza ngapi kabla ya ajali.

Usimshtaki dereva peke yake. Dereva wa matatu anaweza kuhama njia kesho. Mwenye gari jina lake limo katika rekodi za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama, naye huwajibika kwa kosa la dereva aliyekuwa kwenye kazi yake. Mtumie kwanza barua ya madai. Usikawie pia, kwa kuwa madai ya uzembe yana muda wa miaka 3. Na uwe mkweli kuhusu sehemu yako, kwani lawama hugawanywa. Ukionekana umechangia asilimia 30, katika kila shilingi 100,000 utapata 70,000.

Hapa nina neno kwa Idara ya Mahakama. Mmeharakisha hukumu, na hilo ni jema. Lakini aliyeshinda anaachwa amtafute mdaiwa mwenyewe, amlipe dalali wa mahakama kwanza, huku hasara yake ikiongezeka. Hukumu ya siku 60 inayolipwa baada ya miaka 2 haijamsaidia mwenye gari. Utekelezaji nao uwekewe muda.

Sisemi kila mkwaruzo uende kwa mwamuzi. Kuelewana barabarani ni uungwana, na mara nyingi ndiyo njia nafuu. Ila maelewano yaandikwe: kiasi gani, kufikia tarehe gani, na sahihi za wote wawili. Akilipa, mmemalizana. Asipolipa, karatasi hiyo ndiyo ushahidi wako wa kwanza Milimani.