Mchungaji na Meza ya Mgao
(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya wachungaji, siku ya kumbukumbu ya kufunguliwa kambi)



Sisi wachungaji tumepewa nafasi tuseme tuliyojifunza katika huduma. Tungeweza kuhesabu makanisa na waliobatizwa. Tumeona heri tuseme kosa letu moja, kwa kuwa ndilo lililotufundisha zaidi.

Mnakumbuka tulivyovuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 tukitokea Fizi na Uvira. Hapa Nyarugusu tuliabudu chini ya miti, kisha chini ya turubai. Wakati ule mchungaji alilala njaa kama waumini wake, na hakuna aliyemshuku. Shaka ilikuja pamoja na vitu.

Siku moja wageni walituletea marobota ya nguo na mablanketi, wakatukabidhi tugawe. Orodha tuliiandika wenyewe, usiku. Asubuhi watu wa kabila letu na wa dhehebu letu walitangulia. Wajane wasio na ndugu mezani walirudi mikono mitupu. Mwenye kisu ndiye mla nyama, nasi siku ile kisu tulikuwa nacho.

Mama mmoja alisimama mbele yetu. Hakutukana. Aliuliza tu, "Wachungaji, jina langu mlilijua siku ya kumzika mume wangu. Leo limepotelea wapi?" Hatukuwa na jibu. Jumapili iliyofuata mabenchi mengi yalikuwa matupu. Tukasema ni uasi. Haukuwa uasi, ilikuwa haki yao.

Ndipo tukarudi kwenye Matendo ya Mitume, sura ya 6. Huko Yerusalemu wajane wa Wayahudi wasemao Kiyunani walisahauliwa katika mgao wa kila siku, watu wakanung'unika. Mitume hawakuwanyamazisha, wala hawakung'ang'ania meza. Waliwaambia watu wachague saba wenye sifa njema. Sikilizeni majina: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani. Yaonekana meza ilikabidhiwa kwa upande ule uliolalamika!

Tukajifunza mambo matatu.

Kwanza, anayehubiri asishike orodha. Watu wachague wagawaji wao, wanawake wakiwemo, na majina yasomwe hadharani mchana kabla robota halijafunguliwa.

Pili, manung'uniko si dhambi ya kukemewa madhabahuni. Ni taarifa. Mchungaji asiyetaka kuyasikia hatajua kondoo yupi anakufa.

Tatu, mchungaji afanye kazi kwa mikono yake. Paulo alipowaaga wazee wa Efeso kule Mileto, aliwakumbusha kwamba hakutamani fedha wala mavazi ya mtu. Mchungaji mwenye bustani yake ya mboga au cherehani yake hana sababu ya kuvizia mgao.

Mwaka 2015 ndugu zetu Warundi walipofika, tulipata mtihani wa pili. Safari hii tuliwaomba wachague watu wao wakae mezani pamoja nasi tangu mwanzo. Maneno hayakukosekana, lakini hakuna aliyesema jina lake liliandikwa au kufutwa gizani.

Ndugu wa mashirika, tunawaomba: msimkabidhi mchungaji mzigo peke yake kwa sababu ana mhuri na anajua Kifaransa. Mnamtia majaribuni, na mkiondoka anabaki na lawama.

Nanyi mliorudi mikono mitupu siku ile, baadhi yenu mmeketi hapa. Wakati ule hatukuwaomba radhi. Leo tunawaomba, mbele ya watu wote.