Biringanya Juu ya Mkaa

Leo hatukaangi, tunachoma. Chuma biringanya bustanini asubuhi, ganda likiwa bado linang'aa. Litoboe kwa uma mara tatu nne, maana mvuke ukikosa njia hulipasua. Subiri moto utulie, makaa yafunikwe na jivu jeupe, ndipo uliweke juu ya wavu. Geuza-geuza hadi ganda liungue na ndani lilegee kabisa. Weusi ule usikutishe, ganda hulili. Menya, ponda kwa chumvi, kitunguu, pilipili na ndimu. Mafuta? Kijiko kimoja tu. Kikaangoni biringanya hunywa mafuta kama sifongo. Na tafadhali, jiko la mkaa liwe nje: hewa yake ya sumu haina harufu, na huua.