"Mara Hii Moja Tu"

(Mazungumzo haya yalitolewa na kaka mmoja muuguzi kwa wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne. Tumeyaandika kama alivyoyasema.)

Nimeombwa nizungumze juu ya usingizi, lakini nikianza na usingizi najua mtasinzia. Basi nianze na mchezo. Wangapi hapa wanaujua Hitman? Ebu nyoosheni mikono, mwalimu wa nidhamu hatazami. Ahaa, si wachache!

Kwa wasioujua: ni mchezo wa video uliotengenezwa na kampuni ya IO Interactive ya Copenhagen, nchini Denmark. Wa kwanza ulitoka mwaka 2000, ukafuatiwa na mingine kadhaa hadi Hitman 3 wa mwaka 2021. Mchezaji anakuwa mwanamume mwenye upara, suti nyeusi, tai nyekundu, na kisogoni ana alama ya mistari kama ile ya kwenye pakiti ya sabuni. Anaitwa 47, namba tu. Kazi yake ni kuua watu kwa kulipwa.

Wengi wasioucheza hudhani ni kufyatua risasi ovyo. Wapi! Ukifyatua ovyo walinzi wanakujia na alama zako zinaporomoka. Sifa ya juu kabisa inaitwa Silent Assassin, na huipati mpaka umuue yule uliyetumwa tu, pasipo mtu kukushtukia. Kwa hiyo unavizia. Unabadili nguo, mara mpishi, mara mlinzi. Katika ule wa mwaka 2016 kuna jumba la Paris lenye maonyesho ya mavazi na wageni tele. Unazunguka humo ukichunguza nani anapita wapi, nani anasimama na nani. Saa nzima inaweza kwisha hujafanya lolote ila kutazama. Ukikosea, unarudia. Siwadanganyi, ni mtamu. Najua kwa sababu nimeucheza.

Sasa niwaambie lililonipata. Usiku mmoja nilikuwa katika jumba hilohilo la Paris. Zamu yangu ilikuwa ya asubuhi. Saa nne usiku nikasema, mara hii moja tu, nalala. Saa sita, mara hii moja tu. Nilipozima kompyuta ilikuwa saa tisa, na hata hapo usingizi haukuja, maana moyo bado ulikuwa unadunda kama ninafukuzwa na wale walinzi. Nililala saa mbili hivi.

Asubuhi nipo wodi ya watoto. Nimeandaa sindano ya kijana wa miaka 11. Nikasimama mbele ya kitanda, nikashika mkono wa mgonjwa, tayari. Sista wetu, mama mtu mzima, akasema taratibu, "Mwanangu, huyo ni nani?" Nikatazama. Alikuwa mtoto wa miezi 7. Mama yake alikuwa ananitabasamia, hajui kitu.

Jamani, mikono yangu ilitetemeka mpaka mchana. Mimi niliyejisifu kwamba naweza kuingia jumba zima nisikosee mtu!

Najua swali lenu, mzazi mmoja aliniuliza pia: eti mchezo huu unamfanya mtu kuwa muuaji? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, katika utafiti uliotoka mwaka 2019, waliwachunguza vijana wapatao 1,000 wa Uingereza wa miaka 14 na 15, na wakawauliza na walezi wao. Hawakuona uhusiano kati ya kucheza michezo ya kijeuri na tabia ya ugomvi. Wataalamu wengine wamebishana nao, lakini mimi siwezi kuja hapa kuwatisha kwa jambo lisilothibitika. Hata hivyo, Ulaya mchezo huu una alama ya 18, na wengi wenu hamjafika. Kule kwenye mchezo maiti huvutwa ikafichwa kwenye sanduku, kazi imekwisha. Wodini sijaona maiti isiyo na mama au ndugu anayelia kwenye korido.

Mimi naogopa zaidi ile saa tisa ya usiku. Wataalamu wa usingizi wa Marekani walishauri mwaka 2016 kwamba kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10. Wakati huo ndipo ubongo unapanga yale uliyosoma mchana. Ukikesha, umesoma bure. Na siku hizi hata kibanda cha gemu hukihitaji. Blood Money, ambao ni Hitman wa mwaka 2006, ulitolewa kwa simu mwaka 2023, na simu inaingia chini ya shuka, si ndiyo? Mnacheka!

Kuna wanaofika mbali zaidi. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa michezo hii katika orodha yake ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022. Mtu hawezi tena kujizuia, mchezo unatangulia chakula, masomo na marafiki, naye anaendelea huku akiona unamharibia. Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12 au zaidi. Wachezaji wengi hawako hivyo. Mimi pia sikuwa mgonjwa, nilikuwa mtu asiyelala tu, na mtoto wa watu nusura alipie.

Sikuacha kucheza, nisiwaongopee. Jumapili jioni nampa mke wangu waya wa umeme wa kompyuta, ananirudishia Ijumaa. Mwanzoni nilimwomba Jumanne, nikamwomba Jumatano, akakataa. Ukiwa na mtu mkali wa namna hiyo nyumbani au bwenini, mpe simu yako.

Haya, maswali. Wewe wa nyuma, uliyenyoosha mkono kwenye Hitman ukaushusha haraka, anza wewe.