Tabibu Kijana wa Watoto

Mzazi anayemfikisha mwanawe usiku wa manane katika hospitali ya rufaa ya Nakuru, naye ametoka Molo, au Subukia, au hata Baringo, aghalabu hupokewa na daktari kijana aliye bado mafunzoni. Elimu yake si haba: miaka 6 ya chuo kikuu, mwaka 1 wa kazi chini ya usimamizi, kisha, akiutaka ubingwa wa watoto, miaka mingine isiyopungua 3, ambayo ndani yake hujifunza kukadiria dawa kwa uzani wa mtoto na kuihesabu pumzi ya kichanga kwa dakika nzima, kwani maradhi ya wadogo huenda mbio.

Ujira wa kazi hiyo umezua migomo nchini Kenya: madaktari waligoma siku 100, tangu Desemba 5, 2016, na tena siku 56 mwaka 2024, serikali ilipokusudia kuwalipa walio katika mwaka huo wa kazi chini ya usimamizi shilingi 70,000 kwa mwezi, ilhali mkataba wa madaktari na serikali wa 2017 uliwapa yapata 206,000. Mgomo huo ulikuwa haujaisha alfajiri ya Aprili 29, maji ya mafuriko yalipolikumba eneo la Mai Mahiu, huko huko Nakuru, yakachukua roho za makumi ya watu, watoto wakiwamo. Nasema kwa insafu kwamba anayemtetea mgonjwa wake hana budi kuutetea pia ujira wa mwenye kumkeshea, ijapokuwa moyo wangu uliwalilia wazazi wa siku zile. Kazi zikarejewa Mei. Suala la ujira wa vijana hao likawekwa kando.