Mtumishi Asiyeonekana

Fungueni madaftari.

Tuseme makarani 3 wa soko la dagaa la Mwaloni, Kirumba, wanaandika hesabu moja katika vitabu 3. Kitabu kimoja kikilowa, viwili vimebaki. Ghala la kompyuta laweza kufanya vivyo hivyo. Kompyuta 3 hutunza hesabu ile ile, na programu isiyoonekana huinakili.

Programu hiyo ikisimama, huenda husikii kelele. Waona mambo ni mema, kumbe hesabu ya leo imo katika mashine moja tu. Mashine hiyo ikifa, madai ya mvuvi yamepotea.

Basi fundi afanye hivi:

1. Atazame: programu inakwenda au imesimama?
2. Asome kumbukumbu zake. Mara nyingi sababu imeandikwa humo.
3. Atazame kama diski imejaa.
4. Alinganishe saa za kompyuta zote. Zikipishana, zaweza kukataana.
5. Aondoe kasoro, ndipo aiwashe tena, mashine moja moja. Asizime mbili pamoja, maana katika 3 lazima 2 zikubaliane.
6. Ahakikishe nakala zimelingana, ndipo aondoke.

Swali: Kwa nini kimya si dalili ya uzima? Andikeni jibu. Kwa herini.