Viti maalum na kibanja cha baba
(Nilichozungumza kwenye kikao cha vijana, Bukoba Mjini)

 

Kamanda aliyenitangulia kasema viti maalum ni ubaguzi: kama haki ni sawa, kila mtu akapambane jimboni. Mmempigia makofi sana. Mimi nitamjibu kwa kesi ya nyumbani, Muleba.

Mwaka 1988 mwanamke wa Kihaya aliuza shamba aliloachiwa na baba yake kwa wosia. Aliliuza shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Ndugu yake akafungua shauri Mahakama ya Mwanzo Kashasha, kwamba mila hairuhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo, na pale akashinda. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu Mwanza. Februari 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila hiyo ni ya kibaguzi na inapingana na Katiba. Sisi wanafunzi wa sheria tunaijua kama Ephrahim dhidi ya Pastory.

Sasa 1990 ni juzi tu, jamani. Mama zetu walishazaliwa. Kaka alirithi kibanja, migomba na kahawa. Akauza kahawa, akasomesha, akajulikana. Dada alipewa kutumia tu. Leo unawaambia wote wakachukue fomu za ubunge, halafu unaita huo usawa?

Mwanafalsafa John Rawls wa Marekani alitaka tupange sheria kana kwamba hatujui tutazaliwa nani. Usingejua kama utakuwa mtoto wa kiume mwenye kibanja au binti wa nyumba hiyohiyo, ungevifuta viti hivi? Hata Katiba, ibara ya 13(5), haihesabu hatua za makusudi za kurekebisha matatizo ya jamii kuwa ubaguzi.

Ila kamanda ana hoja moja siwezi kuikwepa. Mbunge wa viti maalum anatoka kwenye orodha ya chama, kwa hiyo anamwogopa aliyeandika orodha kuliko mama wa Kamachumu. Na Waziri Mkuu hawezi kuwa, maana ibara ya 51 inataka mbunge wa jimbo. Tumepewa kiti kama dada alivyopewa shamba: kaa, kula, usiuze.

Basi tuanzie kwetu. Majina ya Kagera yapigiwe kura ya siri na wanachama wanawake wa kila wilaya, zihesabiwe mbele yao, na mpangilio usibadilishwe ofisini. Pendekezo nimeliandika, lipo kwa katibu. Naomba lijadiliwe leo, kabla ya chakula.