Vidole Pekee Havitoshi

(Mazungumzo ya ibada redioni)

Leo tunataka kuzungumza na wazazi ambao watoto wao wameanza kujifunza kinanda.

Neno letu linatoka katika Mambo ya Nyakati wa Kwanza, sura ya 25. Mfalme Daudi alipopanga waimbaji wa nyumba ya Bwana, hesabu yao ilikuwa 288, nao walikuwa watu waliofundishwa. Kura ikapigwa kwa wote sawasawa, wadogo na wakubwa, mwalimu na mwanafunzi. Hapo tunajifunza mambo mawili. Uimbaji wa ibada ulifundishwa, haukubahatishwa. Tena mwanafunzi alihesabiwa pamoja na mwalimu wake.

Je, sisi tunafanyaje? Mara nyingi mtoto huonyeshwa tu: bonyeza hapa, kisha hapa. Baada ya miezi michache anapiga nyimbo tatu, na kanisa zima linafurahi. Lakini siku mwimbishaji anapoanzisha wimbo juu kidogo, mtoto anakwama. Mwalimu wake akihamishwa kazi, masomo yamekwisha. Vidole vyake ni kama punda aliyezoea njia ya kisima kimoja; kisima kikikauka, hajui pa kwenda.

Kwa hiyo yafaa mtoto ajifunze pia nadharia ya muziki, yaani kanuni za sauti na mapigo, na namna ya kuziandika. Wazazi, msiliogope neno hilo. Chora mistari mitano mchangani, hapo uani. Weka kokoto juu ya mstari, au katika nafasi kati ya mistari. Kokoto ikipanda, sauti inapanda; ikishuka, sauti inashuka. Kama hakuna mchanga, vidole vitano vya mkono ni mistari mitano.

Mapigo nayo afundishwe kwa makofi. Nota nzima hushika mapigo manne, nusu nota mawili, robo nota moja. Mtoto aliyekata chapati vipande vinne amekwisha kuelewa hesabu hiyo.

Halafu mrudisheni kwenye kinanda. Vibao vyeusi vimepangwa viwili viwili na vitatu vitatu. Kibao cheupe kilicho kushoto kabisa mwa vile viwili ndicho C. Apige vyeupe vinane kuanzia C, asikie sauti zinavyopanda kama ngazi. Kisha aanzie G, vyeupe vitupu. Atakapofika F, sikio lake litakataa. Msimwambie upesi, mwacheni atafute. Akigusa kibao cheusi kilicho kulia kwa F, atatabasamu. Sasa ndipo mwalimu ampe jina la jambo hilo na alama yake. Kanuni iliyosikika kwanza haisahauliki upesi.

Wanakwaya wengi wetu husoma kwa do, re, mi. Njia hiyo ilienezwa Uingereza katika karne ya 19 na mchungaji John Curwen, aliyejenga juu ya kazi ya mwalimu Sarah Glover wa Norwich, ili watu wa kawaida na watoto waweze kuimba kwa kusoma. Ni msaada mkubwa. Ila katika njia hiyo do huhama kufuata wimbo, bali kwenye kinanda C hukaa mahali pake. Mtoto aelezwe tofauti hiyo mapema, asije akachanganyikiwa.

Nasi wazazi tusiojua nota tufanye nini? Tumwombe mtoto atufundishe jioni, dakika kumi tu, lile alilojifunza siku ile. Anayefundisha huelewa mara mbili. Akikosea, tusimfokee, mtoto anayefokewa kinandani hujifunza kukiogopa kinanda.

Ndugu zetu, jambo hili si la anasa. Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kama kilomita 120, na huko Kakuma, tangu kambi ilipofunguliwa mwaka 1992, wamekaa watu wa Sudani Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingineko. Lugha zao ni nyingi, lakini nota iliyoandikwa husomwa na wote. Mtoto wa Kiturkana na mtoto aliyetoka mbali wanaweza kupiga wimbo mmoja kutoka karatasi moja. Tena nyimbo za wazee wetu, ambazo hazijaandikwa popote, zitaandikwa na nani kama si watoto hawa?

Wengine wataondoka. Kuanzia mwaka 2000, zaidi ya vijana 3,000 wa Sudani walichukuliwa kutoka Kakuma kwenda kukaa Marekani. Anayesafiri hivyo huacha nyuma vitu vingi, na kinanda cha kanisa hubaki kanisani. Lakini aliloelewa huenda nalo, na popote atakapokuta kinanda, ataweza kuketi na kuanza.

Tuombe. Ee Bwana, uliyetupa sauti na masikio, utupe subira ya kuwafundisha watoto wetu. Wakusifu kwa moyo, wakusifu pia kwa ufahamu. Katika jina la Yesu, Amina.